Je, mila hii inawafaa watu? Namna ya kupima ndani ya kata yako

Swali la kama maadili ya kihafidhina yanawaongezea watu ustawi halijibiki likiulizwa kwa jumla. Katazo la pombe, jando, eda ya mjane, mavazi ya heshima, ndoa isiyovunjwa: yote huitwa maadili, lakini kila moja linamgusa mtu tofauti, kwa njia tofauti. Mwongozo huu ni wa afisa maendeleo ya jamii, kamati ya msikiti au parokia, kikundi cha wanawake, au mwanafunzi wa chuo anayetaka kupima mila moja mahali pamoja na kupata jibu analoweza kulitetea mbele ya watu wanaomfahamu.

Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mila ya kuvumilia ndoa. Ni ile inayofundishwa na kungwi, inayorudiwa na wazazi, na kuhubiriwa pia, kwamba ndoa haivunjwi, mambo ya ndani hayatoki nje, na aliyeondoka amewaaibisha waliomzaa. Tumeichagua kwa sababu ina mema ya kweli na madhara ya kweli, na kwa sababu wengi wanaojaribu kuipima huanza kwa kulinganisha watu wasiolingana.

Ichambue kwanza

Mila ya kuvumilia ni mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja. Kaa na wazee wawili, kisha na kungwi, kisha na wanawake wawili walioachika, kila kundi kwa wakati wake, uwaulize swali lilelile: mke akitaka kuondoka leo, kitatokea nini kesho, na wiki ijayo, na mwezi ujao? Andika matukio, usiandike maoni. Ukimaliza utakuta sehemu tano zinajitokeza.

Ya kwanza ni kuchelewesha: hakuna anayeondoka kabla wakubwa hawajakaa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inataka hivyo. Kifungu cha 101 kinamzuia mtu kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla ya shauri kupita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Ya pili ni msaada: ndugu wanaingilia kati, wanalisha, wanalipa ada, bibi anachukua wajukuu mpaka hali itulie. Ya tatu ni ukimya. Ya nne ni adhabu ya kuondoka. Ya tano ni upande: nani hasa anaambiwa avumilie.

Sehemu ya nne inahitaji muda zaidi, maana huko ndiko mila inakoshika kweli. Andika adhabu tatu kila moja peke yake: watoto, mali na mahari. Kuhusu watoto, kifungu cha 125 cha sheria hiyohiyo kinaweka mbele maslahi ya mtoto, na kinachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kuhusu mahari, Mahakama ya Juu ya Uganda ilitamka mwaka 2015 kwamba kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Lakini wazee wa ukoo hufika nyumbani kabla ya sheria. Mahari yakiwa yalikwishatumika kumwolea kaka, kaka huyo atakuwa wa kwanza kumwambia dada yake arudi kwa mumewe. Kwa hiyo usimuulize mtu sheria inasemaje. Muulize: ulipoondoka, uliondoka na nini?

Kuichambua mila hivi kuna faida ya pili. Mwaka 1996 huko Tharaka, Kenya, familia zilianza kufanya tohara ya maneno: msichana anatengwa, anafundishwa, anapewa zawadi na kusherehekewa, ila hakatwi. Sehemu moja iliondolewa na nyingine zikabaki na heshima yake. Anayeichukua mila kama kitu kimoja hana la kufanya ila kuitetea yote au kuikataa yote.

Yaliyokwisha kujulikana kwingine

Usianze kana kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Mambo manne yanatosha kukuelekeza pa kuangalia.

Mwaka 2010 Chaeyoon Lim na Robert Putnam walionyesha kwamba Wamarekani wanaohudhuria ibada mara kwa mara wanaridhika zaidi na maisha, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na marafiki walionao ndani ya kusanyiko lao. Anayehudhuria bila kuwa na rafiki pale hapati faida hiyo. Kwako maana yake ni hii: hesabu watu walio karibu na mhojiwa, usihesabu imani yake tu.

Mwaka 2011 Ed Diener, Louis Tay na David Myers walilinganisha nchi nyingi wakakuta kwamba wenye dini wana ustawi mkubwa zaidi kuliko wasio na dini hasa mahali ambapo maisha ni magumu. Pale penye chakula cha uhakika na usalama, tofauti hupungua sana. Mila ileile inaweza kumfaa mkulima asiye na bima na isimfaidishe mtumishi mwenye mshahara. Ndiyo maana dodoso lako lazima liulize kipato.

Mwaka 2015 Jesse Harrington, Pawel Boski na Michele Gelfand walikuta kwamba nchi zinazobana sana na nchi zilizolegea sana zote zina furaha ndogo na watu wengi zaidi wanaojiua, kuliko zilizo katikati. Usitegemee basi kwamba kuongeza maadili, au kuyapunguza, kutasogeza ustawi upande mmoja siku zote.

La nne linagusa ndoa yenyewe. Betsey Stevenson na Justin Wolfers, mwaka 2006, walitumia nafasi ya kipekee: majimbo ya Marekani yaliruhusu talaka kwa ombi la upande mmoja katika miaka tofauti. Baada ya sheria kubadilika, kujiua kwa wanawake kulipungua kwa asilimia 8 hadi 16, na ukatili wa nyumbani kwa takriban asilimia 30. Na maelezo yao hayahusu walioachana peke yao. Mlango ukiwa wazi, hata anayebaki ndani anatendewa vizuri zaidi, kwa sababu mwenzake anajua anaweza kuondoka. Shika hilo, tutalirudia kwenye kulinganisha kata mbili.

Nani alinganishwe na nani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anakusanya walioolewa na walioachika, anawauliza kama wana raha, anakuta walioolewa wana raha zaidi, anaandika kwamba kuvumilia kunaleta ustawi. Hajapima kuvumilia hata kidogo. Wengi wa wale walioolewa hawajawahi kuwa na cha kuvumilia. Wana mume mwema. Mila haikuwazuia kuondoka, kwa sababu hawakutaka kuondoka.

Mila inamshika yule ambaye bila hiyo angefanya vingine. Wagawe wanawake hivi, na wanaume vilevile ukiwa na uwezo wa kuwahoji:

A: yuko kwenye ndoa, hajawahi kutaka kuondoka.
B: aliwahi kutaka kuondoka kweli, akabaki.
C: aliondoka chini ya miaka 2 iliyopita.
D: aliondoka miaka 2 au zaidi iliyopita.

Mlinganisho unaokuhusu ni B na D. Kundi C liweke kando, lisichanganywe na D, kwa sababu miezi ya kwanza baada ya kuachana huwa mibaya kwa karibu kila mtu: nyumba haijapatikana, shauri bado liko barazani, watoto wamegawanyika. Ukiwachanganya, utaipa mila sifa ambayo ni ya muda tu.

Kuna kosa jingine linalojificha zaidi. Mwanamke aliyeondoka akaolewa tena leo anaitwa mke wa mtu. Usipomuuliza historia yake utamweka A, na raha aliyoipata kwa kuondoka utaihesabu kuwa ya waliovumilia. Swali la lazima: “Umewahi kuolewa mara ngapi?” Akijibu zaidi ya mara moja, na ndoa ya kwanza haikuisha kwa kifo, ni C au D hata kama sasa ana mume.

Kumbuka pia wasiokuwepo. Aliyekwenda kufanya kazi Muscat au Dar es Salaam baada ya ndoa kuvunjika hayumo kwenye orodha ya kijiji, na huenda ndiye aliyefanikiwa kuliko wote, au aliyeteseka kuliko wote. Waulize wazazi wake, pata namba, hoji kwa simu ukiweza. Usipoweza, andika idadi yao wazi kwenye ripoti.

Kipimo cha ustawi

Usitunge kipimo chako. Tumia WHO-5, kipimo kifupi cha Shirika la Afya Duniani ambacho tafsiri yake ya Kiswahili imekwisha kujaribiwa Kilifi, pwani ya Kenya. Tafuta tafsiri hiyo rasmi na uisome neno kwa neno, bila kuipamba. Ina kauli 5 kuhusu wiki 2 zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu za mwili, kuamka umepumzika, na kuwa na mambo ya kila siku yanayokuvutia. Kila kauli hujibiwa kuanzia 0, hakuna wakati wowote, hadi 5, wakati wote. Jumla ni 0 hadi 25. Izidishe kwa 4 upate 0 hadi 100. Aliyepata chini ya 50 ana ustawi hafifu na anafaa kuulizwa zaidi kuhusu sonona. Tofauti ya pointi 10 huchukuliwa kuwa kubwa kiasi cha kuonekana katika maisha ya mtu.

Ongeza ngazi ya Cantril, swali moja tu: fikiria ngazi yenye vidaraja kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote kwako, chini kabisa ni mabaya kuliko yote; wewe leo umesimama wapi? Chora ngazi kwenye kadi, mtu aonyeshe kwa kidole. Vipimo hivi viwili vinaweza kupishana, na kupishana kwao ni taarifa. Mwanamke wa kundi B anaweza kujiweka daraja la 7 kwa sababu ana nyumba, watoto na jina, na hapohapo akapata 36 kwenye WHO-5 kwa sababu halali usingizi. Ngazi inapima maisha anavyoyaona akiyatazama kwa jumla. WHO-5 inapima siku zake. Ripoti zote mbili. Ukichagua moja baada ya kuona majibu, umechagua jibu.

Kwa nini tusiulize tu kama mila ni nzuri? Kwa sababu watu hujibu kwa sauti ya mila yenyewe. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015–16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zilizotajwa. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Yaani wanawake, ambao ndio wanaopigwa, walikubali zaidi kuliko wanaume. Ridhaa kama hiyo inaonyesha mila imeingia kwa kina gani. Kuhusu ustawi haituambii chochote.

Idadi ya watu na namna ya kuwapata

Alama za WHO-5 kwa kawaida hutawanyika kiasi cha pointi 20 kuzunguka wastani. Kwa mtawanyiko huo, ili uione tofauti ya pointi 10 kati ya makundi mawili unahitaji watu 63 kila kundi. Ukitaka kuona tofauti ya pointi 5 utahitaji 251. Ndiyo maana tunashauri kata moja ilenge pointi 10 na isijaribu madogo kuliko hapo.

Orodha ya kaya utaipata kwa mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa nyumba kumi, lakini ina tundu: mwanamke aliyeachika mara nyingi amerudi kwa wazazi na kaya imeandikwa jina la baba, au amepanga chumba na hayumo kabisa. Pita nyumba kwa nyumba na fomu ya ukurasa mmoja: wanawake wote wa miaka 18 na zaidi wanaolala hapa, umri, mara walizoolewa, na kama waliwahi kuachika, lini. Chumba cha kupanga ni nyumba. Baada ya hapo tumia hatua za kuruka: wanawake 640 ukihitaji 80, ni kila wa 8, na wa kwanza apatikane kwa kuokota kikaratasi kimoja kati ya 1 na 8.

Kundi D utalijua kutoka kwenye fomu. Chagua 76 ili upate 63, maana baadhi hawatakutwa au watakataa. Kundi B hulijui mpaka umefika katikati ya mahojiano. Kwa hiyo hoji walioolewa 30 kwanza, hesabu B ni wangapi. Wakiwa 10, utahitaji mahojiano 189 ya walioolewa ili upate B 63. Wahojaji wanne wakifanya mahojiano manne kila mmoja kwa siku ni 16. Mahojiano 189 na 63 ni 252, yaani siku 16 za kazi bila kuhesabu C. Anayetaka kuwahi kwa kuwapa wahojaji mahojiano nane kwa siku atapata madodoso yaliyojazwa chini ya mwembe.

Angalia kalenda. WHO-5 inauliza wiki 2 tu, kwa hiyo msimu unaingia moja kwa moja kwenye alama. Lindi na Mtwara, wakati wa mauzo ya korosho kuanzia Oktoba, pesa ipo, ngoma zipo, na alama zitapanda bila mila kuhusika. Ramadhani hubadilisha usingizi, na kauli moja kati ya zile tano ni ya usingizi. Makundi yote yahojiwe ndani ya wiki zilezile.

Maswali na usalama

Swali zuri huuliza tukio la mwisho. Kwa mila hii tunatumia haya, kwa mpangilio huu:

“Mara ya mwisho mlipokosana mpaka ukafikiria kuondoka, nani alikuwa wa kwanza kujua?”
“Usiku ule ulilala wapi?”
“Zilipita siku ngapi kabla ya mtu yeyote kuwaketisha?”
“Kwenye kikao hicho, nani aliambiwa abadilike?”
“Ungeondoka, ni kitu gani kimoja ambacho ungekipoteza kwanza?”

Swali la pili linapima msaada, la tatu ucheleweshaji, la nne upande, la tano adhabu. La kwanza linapima ukimya, na jibu la “hakuna mtu” liwe na kisanduku chake. Aliyejibu kwamba hajawahi kufikiria kuondoka ni A, naye ruka moja kwa moja kwenye WHO-5.

Maswali haya yanaweza kumletea mtu kipigo jioni hiyohiyo. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za kuhoji kuhusu ukatili wa nyumbani si za hiari: mwanamke mmoja tu kwa kaya, faragha kamili, asiwepo hata mtoto aliyezidi miaka 2, na kazi isitangazwe kijijini kuwa ni ya ugomvi wa ndoa. Iite utafiti wa afya na maisha ya kaya, jina ambalo ni la kweli. Mhojaji awe na ukurasa wa pili wa maswali ya chakula na malaria. Mama mkwe akitokea mlangoni, anahamia huko bila kubadili sauti. Kila mhojaji abebe namba za dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi, zahanati, na mtu mmoja wa ustawi wa jamii aliyekubali kupigiwa. Kenya namba 1195 hupokea malalamiko ya ukatili wa kijinsia bila malipo. Tanzania 116 ni ya watoto.

Wahojaji wawe wanawake kwa wanawake, watoke kata nyingine, wasiwe makungwi wala wake wa viongozi wa dini. Salamu ifanywe kama inavyopaswa. Anayehoji mtu mzima aanze na shikamoo, akae chini yake au sawa naye, aombe maji ya kunywa kama ni desturi ya hapo. Kisha aseme: “Mama, haya ni mazungumzo ya kama dakika arobaini. Swali lolote usilolipenda, niambie tuliruke. Ukichoka tunaacha. Jina lako haliandikwi kwenye karatasi hii.” Ahadi hiyo ya mwisho itimizwe: namba tu kwenye dodoso, na orodha ya majina na namba ikae kwenye sanduku jingine lenye kufuli.

Kazi ikienda mbali zaidi ya matumizi ya kamati yenu, kama ya chuo au ya kuchapishwa, vibali vinahitajika: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kamati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa Tanzania Bara, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwa Kenya. Anza miezi kadhaa kabla.

Usiegemee kumbukumbu za ofisi peke yake. Idadi ya PF3 (fomu za polisi za kwenda kutibiwa) zilizotolewa kwa majeruhi, kesi za dawati, mashauri ya baraza: zikusanye, lakini zisome kwa tahadhari. Kata yenye ukimya mkubwa itakuwa na PF3 chache. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi uliofunikwa vizuri hauonekani kwenye daftari la polisi. Ripoti zikiongezeka baada ya mafunzo ya wazee, huenda ukatili haukuongezeka. Watu wameanza kusema.

Kuyasoma matokeo

Kabla ya kufungua dodoso la kwanza, andika kwenye karatasi, mtie saini wote: tofauti gani itatufanya tuseme mila inasaidia, gani itatufanya tuseme inaumiza, na gani itatufanya tuseme hatujui. Bila karatasi hiyo, kila mtu atayaona aliyokuja nayo.

Sasa hesabu. Namba zifuatazo ni za kufundishia tu. Tuseme B 63 wana wastani wa 43, na D 63 wana 55. Tofauti ni 12. Kupata kiasi cha bahati nasibu, chukua 40 (ule mtawanyiko wa 20 mara mbili), zidisha kwa kipeuo cha pili cha jumla ya 1/63 na 1/63. Unapata karibu 7. Kumi na mbili inazidi saba, kwa hiyo tofauti si ya bahati. Wengi huishia hapa na kuandika kwamba kuvumilia kunaumiza.

Endelea. Ndani ya B, wagawe waliosuluhishwa ndani ya mwezi mmoja na ambao hakuna mtu aliyejua. Tuseme wa kwanza ni 27 na wastani wao ni 54. Wa pili ni 36 na wastani wao ni 35. Kiasi cha bahati hapa ni karibu 10, na tofauti ni 19. Waliosuluhishwa wako sawa na walioondoka. Waliokaa kimya ndio walio chini. Basi kikao cha wazee hakina kosa. Kosa liko kwenye ukimya. Ripoti yenye sentensi hiyo ina kazi ya kufanya, na mzee anayeipenda mila yake anaweza kuisikiliza bila kuhisi anavuliwa nguo. Sisi tunaamini matokeo ya namna hii ni ya kawaida: sehemu zinazowakutanisha watu husaidia, sehemu zinazowafungia huumiza. Lakini imani yetu isikuzuie kuandika kinyume chake kama namba zako zinasema hivyo.

Kabla ya kukubali, linganisha kipato, umri na idadi ya watoto wa makundi hayo. Waliosuluhishwa mapema wakiwa ndio wenye ndugu wenye uwezo, huenda uwezo ndio uliowasaidia. Wagawe kwa kipato sehemu mbili, juu na chini, uone kama tofauti inabaki kila upande. Ikipotea, sema imepotea.

Halafu kumbuka wale wa Marekani waliobaki kwenye ndoa wakatendewa vizuri zaidi. Athari hiyo haionekani ndani ya kata moja, kwa kuwa A, B na D wote wanaishi chini ya mila moja. Kuiona unahitaji kata mbili jirani zinazofanana, ambapo moja inabadilisha kitu kwa tarehe inayojulikana, kwa mfano baraza linaanza kusikiliza shauri ndani ya siku 14 na kumkubalia mke alale kwao wakati likisubiri. Pima zote mbili kabla, pima zote mbili baada ya miezi 12. Kata iliyobadili ikipanda kutoka 50 hadi 58, na nyingine kutoka 51 hadi 54, athari ni 8 kutoa 3, yaani 5. Tatu zilikuwa za mvua nzuri au bei ya mazao. Angalia kundi A hapa kwa makini. Likipanda, mlango ulio wazi umewafaa hata wasioutumia.

Utasikia pia hoja ya nchi kwa nchi. Ripoti ya furaha duniani imeiweka Finland juu kila mwaka tangu 2018, na wapo wanaosema ni kwa sababu imeachana na mila. Finland ina kipato kikubwa, hospitali za umma na polisi wanaoaminiwa. Huwezi kuondoa hayo yote na kubakiza suala la ndoa peke yake. Hoja ya “zamani tulikuwa na raha” nayo ina tatizo lake: hakuna aliyepima wakati huo, na waliokufa mapema hawapo kusimulia.

Kuyarudisha kwa wenyewe

Wapelekee wazee, makungwi na viongozi wa dini kwanza, siku moja kabla ya mkutano wa hadhara, wasije wakashangazwa mbele ya watu. Wasomee sehemu kwa sehemu, ukianza na zile zilizoonyesha faida, kwa sababu ni za kweli na ni zao. Usionyeshe kundi lolote lenye watu chini ya 5. Kijijini, “mwanamke wa miaka 30 aliyeolewa mara tatu” ni jina kamili. Usisome simulizi la mtu hata kama umeficha jina.

Kisha waombe wabadilishe kitu kimoja kinachoweza kuonekana, chenye siku na mtu wa kukisimamia. Kungwi anaweza kuongeza kwenye mafunzo ya mwali jina la mtu wa kumwendea akipigwa. Kamati ya msikiti inaweza kuweka kikao cha usuluhishi kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, mke na mume wasikilizwe kila mmoja peke yake kabla ya kukutanishwa. Ukoo unaweza kukubaliana kwamba mahari hayadaiwi pale penye PF3.

Pima tena mwezi uleule wa mwaka unaofuata, kwa dodoso lilelile bila kurekebisha hata neno, na wahojaji wapya wafundishwe na wale wa kwanza. Kama mmepanga kuwahoji watu walewale, orodha ya majina ibaki kwenye sanduku lake mpaka duru ya pili iishe. Kama hamkupanga, ichomeni kabla ya mkutano wa kwanza wa matokeo, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao awe mwanamke.